Malewa na Kahawa ya Mlima Elgon: Tathmini ya Bidhaa Mbili Zinazoipa Mbale Jina

Nchini Uganda, mtu akitaja mji anakotoka, anayemsikiliza huanza kufikiria chakula. Masaka hutajwa kwa senene, hasa mwezi wa Novemba wakati taa kali na mabati ya mitego huwekwa juu ya vilima na mapaa. Kayunga na Luwero kwa mananasi. Mbarara na Ankole nzima kwa maziwa na eshabwe, mchuzi mweupe wa samli. Katwe kwa chumvi inayotolewa ziwani. Kabale kwa viazi. Teso kwa machungwa. Lango na Acholi kwa moo yao, yaani mafuta ya mti wa shea, na kwa odii, rojo ya ufuta na karanga. Hata vituo vya njiani vina sifa zake, na msafiri wa barabara ya Masaka au ya Jinja huanza kutafuta pesa ndogo mfukoni kabla basi halijafika Lukaya au Namawojjolo, kwa kuwa anajua kuku wa kuchoma na gonja, yaani ndizi za kuchoma, vitaletwa mpaka dirishani.

Mbale, mji wetu wa mashariki mwa Uganda, ina vitu viwili vya namna hiyo: malewa, yaani machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, na kahawa ya arabika inayolimwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambao sisi wa huku huuita Masaba. Nimevitumia vyote viwili maisha yangu yote, na hapa ninavipima kama bidhaa anazoweza kununua mgeni anayefika mjini leo. Swali langu ni moja: je, mgeni huyo anaweza kuvipata katika ubora unaolingana na sifa zilizomleta? Kwa malewa jibu ni ndiyo, ikiwa mnunuzi anajua kuchagua. Kwa kahawa jibu ni gumu zaidi, nami kama mwenyeji linaniuma.

Nianze na malewa, kwa sababu ndicho chakula ambacho Mbale haishindani nacho na mji mwingine wowote wa Uganda. Mianzi hii huota juu sana mlimani, katika ukanda ulioko kati ya msitu mnene na uwanda wa baridi, na machipukizi yake hutokeza ardhini wakati wa mvua. Wavunaji hupanda kwa miguu, hukata machipukizi yakiwa bado mafupi na laini, kisha huyatandaza juu ya moto wa kuni unaofuka, ambapo hukaa hadi maji yaishe na rangi igeuke kuwa kahawia. Moshi huo ndio unaolinda malewa yasioze katika safari ya kushuka bondeni, na ndio huo huo unaoyapa ladha yake. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Bungoma, ndugu zetu Wabukusu hula chakula hiki pia, na hilo linatukumbusha kwamba mlima ni mmoja ingawa nchi ni mbili.

Ukiingia soko kuu la Mbale, uliza sehemu ya akina mama wanaouza vyakula vikavu, nawe utayaona malewa yamefungwa mafungu na kupangwa karibu na karanga, maharagwe na dagaa. Usinunue kwa kutazama ukubwa wa fungu. Chomoa kipande kimoja na kukikunja nchani: kilichokauka vizuri huvunjika kwa mlio, na ndani ya pingili zake ni pasafi, kilichoanikwa kwa haraka hupinda bila kuvunjika, na ukikipasua utaona ukungu wa kijivu umejificha kwenye mikunjo. Kisha kinuse. Harufu ya moshi inapaswa kuwa kali lakini safi, na ikiwa chini yake kuna harufu ya uchachu, lirudishe fungu hilo kwa heshima. Wauzaji hawakasiriki. Mara ya mwisho nilipokuwa nikichagua, muuzaji aliniangalia kwa muda, akanyanyua gunia alilokuwa amelikalia na kutoa mafungu mengine huku akisema, "Mwanangu, kumbe unajua. Haya ndiyo ninayopeleka nyumbani kwangu." Nilimwambia, "Asante, mayi," yaani mama, nikanunua hayo. Fungu la kutosha watu wanne lilinigharimu chini ya bei ya nusu kilo ya nyama ya ng'ombe, na kwa kazi iliyofanywa mlimani kabla halijafika mikononi mwangu, nadhani bei hiyo ni ya huruma mno kwa mvunaji.

Upishi wake unadai subira, na hapa ndipo migahawa mingi ya mjini inapoharibu. Malewa makavu huoshwa mara kadhaa, hulowekwa usiku mzima, kisha huchemshwa kwa maji yenye magadi hadi nyuzi zilegee kabisa. Baada ya hapo humenywa sehemu ngumu, hukatwa vipande vyembamba au hupondwa kidogo kwenye kinu, na ndipo karanga zilizosagwa hukorogwa na maji na kumwagwa ndani ya sufuria. Kuanzia hapo moto huwa mdogo, na mpishi hawezi kuondoka, kwa kuwa uji wa karanga hushika chini ya sufuria upesi na ladha ya kuungua haiondoki tena. Mchuzi ulioiva huwa mzito, rangi yake ni ya udongo mwekundu uliofifia, na mafuta ya karanga huanza kujitenga juu kwa vidoa vidogo. Ukila na matoke, moshi wa malewa huutangulia utamu wa karanga, kisha hubaki kitu cha kutafuna ambacho hakichoki mdomoni. Watu wasiokula nyama hupata hapa mlo kamili unaoshibisha, na walaji nyama niliowaandalia hawakuuliza nyama iko wapi.

Katika mgahawa mmoja wa mjini, ambao sitautaja, niliwahi kuletewa malewa yaliyochemshwa kwa haraka ya mchana: nyuzi zilikwama kwenye meno, magadi yalikuwa yamezidi hadi ulimi ukahisi kama umepakwa sabuni, na karanga zilikuwa zimeongezwa dakika za mwisho ili kuficha kasoro. Mgeni wangu, aliyekuwa akiyaonja kwa mara ya kwanza, aliweka kijiko chini na kusema kwa adabu kwamba ameshiba. Niliona aibu kwa niaba ya mji mzima. Kwa sababu hiyo ushauri wangu ni kwamba mgeni asiyaagize malewa katika mgahawa unaoyaandika kwenye orodha ndefu ya vyakula, akitarajia yatoke jikoni baada ya dakika ishirini. Ayaulize asubuhi, kwa akina mama wanaopika sokoni na pembezoni mwa vituo vya teksi, kwamba leo wameloweka au la. Anayejibu ndiyo kabla ya saa nne asubuhi ndiye wa kurudi kwake mchana.

Sifa nyingine ya malewa, ambayo sijaona ikitajwa vya kutosha, ni kwamba hayamtengi mtu mezani. Mbale ni mji wa dini nyingi zilizokaa karibu: hapa ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda, kilichoanza mwaka 1988, na hapa jirani, huko Nabugoye, wanaishi Abayudaya, jamii ya Wayahudi iliyotokana na uongofu wa kiongozi wa Kiganda Semei Kakungulu mwaka 1919. Hakuna miongoni mwa watu hawa, wala miongoni mwa Wakristo walio wengi, anayelazimika kuuliza mnyama alichinjwa na nani. Wakati wa imbalu, tohara ya kimila ya Wagisu wa huku, ambayo huzinduliwa katika uwanja wa Mutoto mwezi Agosti wa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, nyumba hujaa wageni wa kila namna, na sufuria ya malewa ndiyo inayoweza kuwekwa katikati bila maelezo.

Lipo jambo moja ambalo mnunuzi anapaswa kulijua. Upande wa Uganda wa Mlima Elgon ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1993, na mianzi mingi iko ndani ya mipaka hiyo. Vipo vijiji vinavyopakana na hifadhi ambavyo vimeruhusiwa kuvuna kwa makubaliano na mamlaka za hifadhi, ili machipukizi ya kutosha yaachwe yakue kuwa mianzi. Muuzaji akiweza kukuambia malewa yake yanatoka kijiji gani, huo ni mwanzo mzuri. Sisemi kwamba kila mnunuzi awe askari wa msitu, ila msitu ukiisha sifa yetu nayo itakwisha, na hakuna shamba la bondeni linaloweza kuziba pengo hilo.

Sasa nigeukie kahawa. Sehemu kubwa ya kahawa ya Uganda ni robusta, ambayo asili yake ni misitu ya nchi hii na hulimwa sana Buganda na maeneo ya jirani. Arabika ililetwa kutoka nje mwanzoni mwa karne ya 20, ikapata makao yake kwenye vilima vya Bugisu, nchi ya Wagisu, ambako udongo ni wa volkano, usiku ni wa baridi, na mashamba ni madogo mno kiasi kwamba mbuni, migomba, maharagwe na miti ya kivuli kama mringaringa hukaa pamoja katika kipande kimoja. Mwaka 1954 wakulima walianzisha chama chao kikuu cha ushirika cha Bugisu, na kwa miongo kadhaa kahawa yote ilipitia huko, hadi biashara ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ni haki niseme pia kwamba Wasabiny wa Kapchorwa na Kween wanalima kahawa ya kiwango kile kile upande wao wa mlima, na mara nyingi jina la Bugisu limefunika kazi yao.

Ubora wa kahawa hii unaanzia mkononi mwa mchumaji. Buni hazikomai kwa siku moja, hivyo mtu hulazimika kuurudia mti ule ule mara nyingi na kuchuma nyekundu tu. Zikichumwa lazima zimenywe siku hiyo hiyo kwa mashine ya mkono, zichachushwe kwa usiku mmoja au zaidi, zioshwe kwa maji safi hadi utelezi uishe, kisha zianikwe kwenye vichanja kwa wiki moja au mbili. Hatua moja ikirukwa, kikombe hukuambia. Kahawa iliyoanikwa chini kwenye udongo huwa na ladha ya vumbi. Iliyochanganywa buni mbichi za kijani huuma ulimi bila utamu. Iliyochachuka kupita kiasi hunuka pombe. Nimeonja makosa haya yote katika mifuko iliyobandikwa picha nzuri ya maporomoko ya maji ya Sipi.

Ikiwa imetayarishwa vizuri, hata hivyo, ni kahawa ya kujivunia mbele ya mtu yeyote. Ina uzito kinywani kuliko arabika nyingi za ukanda huu, ukali wake ni wa wastani, na chini ya uchungu kuna utamu wa kakao na wa matunda yaliyoiva sana. Inavumilia maziwa bila kupotea, lakini ninashauri kikombe cha kwanza kinywewe kitupu, ili ujue unalipia nini. Neno "AA" ambalo wauzaji hupenda kuliandika kwa herufi kubwa linahusu ukubwa wa punje pekee, yaani punje zisizopita katika chekecheo lenye matundu ya milimita 7 hivi. Punje kubwa huuzwa kwa bei nzuri zaidi na hukaangika kwa usawa, lakini punje kubwa iliyoanikwa vibaya haitaacha kuwa kahawa mbaya.

Na hapa ndipo lalamiko langu lilipo. Ukilala katika nyumba nyingi za wageni mjini Mbale, ukishuka asubuhi kwa kifungua kinywa huku jabali la Wanale likionekana kupitia dirishani, utakachokikuta mezani ni chupa ya maji ya moto, kopo la kahawa ya unga ya kiwandani, na kijiko. Miteremko unayoitazama imejaa mibuni. Malori ya kahawa ya maganda yanapita barabarani kuelekea mitamboni kukobolewa, na punje zinasafiri mpaka Ulaya na Marekani, lakini mgeni aliyetoka mbali anapewa unga usio na uhusiano wowote na mahali alipo. Nimewahi kuuliza sababu, nikaambiwa kwamba watu wa hapa ni wanywaji wa chai. Ni kweli chai ya maziwa ndiyo inayotawala, lakini sababu hiyo hainiridhishi. Tangu zamani watu wa Buganda wamewakaribisha wageni kwa buni kavu za kutafuna, na walitumia buni hizo hizo katika kufunga undugu wa damu. Hatuwezi kudai kwamba kahawa ni kitu kigeni katika heshima zetu. Kilichokosekana ni mtu wa kununua mashine ndogo ya kusagia, kumfundisha mhudumu mmoja, na kuacha kufikiri kwamba kizuri ni kile kinachotoka dukani kikiwa ndani ya kopo.

Yapo mabadiliko, nayo ninayapongeza. Siku hizi mjini kuna mikahawa michache inayosaga punje mbele ya mteja, na mikahawa hiyo ninairudia. Huko Sipi, wakulima wadogo huwapokea wageni shambani, huwachumisha, huwatwangisha kahawa kwenye kinu ili kuondoa maganda, huikaanga kwenye chungu juu ya mafiga matatu, na kuichemsha hapo hapo. Kwa maoni yangu hii ndiyo huduma bora zaidi inayotolewa kwa jina la kahawa katika eneo zima. Kikombe chenyewe si kamilifu, kwa sababu kukaanga kwenye chungu hufanya punje nyingine ziungue huku nyingine zikibaki mbichi katikati, na mtu aliyezoea kahawa ya mashine atautambua moshi. Lakini fedha inabaki mkononi mwa aliyelima, na mgeni anaondoka akijua kwa nini kilo moja ya kahawa nzuri haiwezi kuwa rahisi. Huko ndiko anakoona pia mwinuko wa mashamba yenyewe. Miteremko hii inayozaa kahawa ndiyo inayoporomoka mvua zikizidi. Machi 2010, katika kijiji cha Nametsi wilayani Bududa, udongo uliwafunika watu wengi pamoja na nyumba na mashamba yao. Ninapoona mtu akibishana na mkulima wa huko juu ya shilingi mia chache, ninatamani apande kilima hicho mara moja akiwa na gunia begani.

Kwa anayetaka kubeba kahawa ya kupeleka nyumbani, anunue punje nzima, asinunue iliyosagwa, kwa kuwa kahawa iliyosagwa hupoteza harufu yake ndani ya siku chache hata mfuko ukiwa umefungwa. Atafute tarehe ya kukaangwa, na ikiwa kilichoandikwa ni tarehe ya kuisha tu, amuulize muuzaji. Iliyokaangwa ndani ya mwezi mmoja inafaa. Rangi ya punje iwe ya kahawia iliyokolea, isiyong'aa kwa mafuta, kwa sababu wapo wanaokaanga hadi karibu na mkaa ili kuficha buni zilizochumwa vibaya. Msimu mkubwa wa mavuno huanza karibu na mwezi wa Septemba na kuendelea hadi mwanzoni mwa mwaka, hivyo anayenunua mwezi wa Februari au Machi ana nafasi nzuri ya kupata kahawa mpya.

Kwa upande wa malewa, yafungwe kwenye gazeti kwanza, kisha kwenye mfuko wa pili unaofungika vizuri, na yasiwekwe begi moja na nguo wala na kahawa, kwa kuwa moshi wake hupenya kila kitu. Yakihifadhiwa mahali pakavu hukaa miezi mingi. Atakayeyapika kwa mara ya kwanza akiwa Kampala, Nairobi au mbali zaidi ayaloweke kuanzia jioni, aongeze magadi kidogo kuliko anavyodhani yanahitajika, na kama hana muda wa kusimama karibu na sufuria hadi mwisho, basi apike maharagwe siku hiyo na ayaache malewa hadi Jumamosi.